Mkwe Aliyekataa Kubahatisha

Katika ukoo wetu mimi ndiye mfichaji wa maharusi. Siku ya wakwe kuleta mahari, wanawake kadhaa hufunikwa leso kuanzia utosini, bibi harusi akiwa mmoja wao, na bwana harusi hutakiwa amshike wake bila kumfunua. Akikosea, anatozwa mbuzi. Wengine huifanya kazi hii kwa mzaha. Mimi nilifundisha hisabati mpaka nikastaafu, na sina mzaha na swali lenye jibu moja. Nimewahi kumwona mwanamume mwenye digrii mbili akimkumbatia mke wa mchungaji kwa furaha isiyo kifani.

Kwa hiyo ndugu yangu aliponiambia binti yake amechumbiwa na kijana wa Meru, nilipanda kwake Kibugu mapema nikiwa na gunia la leso.

Wageni walifika, wakala, wakashiba. Wao walisema Kimeru, sisi Kiembu, na tukikwama tulikutana kwenye Kiswahili. Mambo yalikwenda vizuri hadi ndugu yangu alipouliza kijana anafanya kazi gani. Msemaji wao, mjomba wa kijana, mtu mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani, akainuka.

"Huyu kijana wetu anachimba pesa ya kompyuta. Juzi amechimba bloku nzima, yeye peke yake!"

Hakuna aliyeelewa, lakini upande wao ulipiga makofi, na sisi tukapiga pia ili tusionekane washamba. Ndugu yangu hakupiga. Yeye ni mkulima wa majani chai na hakisifu kitu ambacho hajakiona kwenye mizani. Akaomba aonyeshwe hiyo bloku. Mjomba akafungua simu, akanipa mimi mwalimu nisome. Palikuwa na tarakimu nyingi na herufi zisizotamkika, na penye nafasi ya mchimbaji palikuwa na neno moja la Kizungu. Nikalitafsiri.

"Hajulikani."

"Huyo ni nani?" ndugu yangu akauliza.

Mjomba alianza kukohoa. Kijana mwenyewe akasimama, mwembamba, koti la kuazima likimpwaya mabegani.

"Mzee, mjomba ameongeza chumvi kidogo. Mashine zinashindana dunia yote kukisia namba, na yenye inashinda inafunga bloku, yaani ukurasa mmoja wa daftari ya hiyo pesa, inapata zawadi. Yangu iko Embu mjini, lakini iko kwa chama ya watu wengi. Hiyo bloku ilipatwa na chama. Ni mashine gani iliipata, siwezi sema."

"Lakini inaweza kuwa yako."

"Inaweza. Pia inaweza kuwa ya mtu wa Brazil."

"Na mbona chama hakikuandika jina?"

"Wengine wanaandika, wengine wanaacha. Na hata ukiona jina, mtu anaweza andika lenye si lake. Wenye wanafuatilia haya mambo wanaangalia dalili tu, halafu wanakisia."

Ndugu yangu alirudi kwenye chai anayoijua. "Sisi majani yetu yanachanganywa kiwandani, lakini kwanza kila mtu anapimiwa yake."

"Hata sisi tunapimiwa, mzee. Kazi yangu nalipwa, na nyumba naweza lisha. Lakini mwenye bahati ilimwangukia siku hiyo, huyo ndiye mimi simjui."

Mjomba alimvuta koti akae. Mimi niliudhika sana. Mtu amepewa ushindi wa bure mbele ya wakwe, hakuna hata mmoja wa kumbishia, naye anaurudisha! Kijana gani huyu?

"Kwa hivyo," ndugu yangu akasema taratibu, "hakuna kitu unaweza kunionyesha useme, hii ni mimi."

"Hakuna, mzee."

"Basi wanawake wafunikwe. Mtu hajui kitu chake, tuone kama anajua mke wake. Akikosea, leo sipokei kitu. Wageni watarudi na mbuzi zao."

Ndugu yangu akisema jambo mbele ya wazee, hata mvua ya mawe haimtoi hapo.

Jikoni, bibi harusi alinishika mkono. Macho yalikuwa mekundu, na hakuwa amekata kitunguu hata kimoja.

"Shangazi, tafadhali, usinifiche sana."

Nilimlea mtoto huyu mgongoni, na moyo uliniuma. Lakini baba yake alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, kwa hiyo nilimficha sawasawa. Wote tulivaa gambuti za kuchumia chai, tukapakwa mafuta ya aina moja, mikono ndani, warefu wakapinda magoti. Nilijifunika na mimi, tukapangwa uani kama magunia ya viazi.

Kijana akaja. Nilimsikia akipita mbele yetu polepole, akarudi, kisha akasimama mbele yangu. Goti langu bovu, lililopindwa muda mrefu, lilianza kutetemeka.

"Ni huyo!" shangazi za kijana wakapiga kelele. "Anatetemeka! Bibi harusi ndiye anatetemeka! Shika!"

"Shika, wewe!" mjomba akaunguruma.

Niliomba Mungu kijana asinishike. Nilikuwa nimeharibu harusi ya mtoto wangu kwa ufundi wangu mwenyewe.

"Naona anatetemeka," kijana akasema. "Lakini hiyo haitoshi. Labda ni baridi. Labda ni mama ya mtu, na nitakuwa nimemshika." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mzee, nampenda msichana wako. Lakini hapa simjui. Nikimshika mmoja niseme ni yeye, nitakuwa nadanganya, hata kama nitapata. Nipige faini."

Halafu nikasikia leso ikivutwa, upande wangu wa kulia, na gambuti zikitembea kwenye changarawe.

"Ni mimi," bibi harusi akasema.

Kelele zilizofuata zilisikika hadi soko la Kianjokoma. Wazee wetu walisema mila imevunjwa na faini ni ya kijana. Wazee wao walisema aliyejifunua ni wa kwetu, basi faini ni yetu. Ndugu yangu aliwaacha wachoke.

"Hawa mabwana harusi wote wamepita hapa wakishika," alisema, "nani kati yao alikuwa anajua? Walikuwa wanakisia, na sisi tunapiga makofi." Akaongeza, "Huyu siku akimkosea msichana wangu, atakuja kuniambia mwenyewe kabla sijasikia kwa watu. Leteni hizo mbuzi."

Vigelegele vikapasuka. Watu wakakimbilia kuwakumbatia wale wawili, na hakuna aliyekumbuka kunifunua. Nilishukuru, maana chini ya ile leso nilikuwa nalia kama mtoto.