Jina la Baba Yake Kwenye Makaburi Yote

Saa mbili asubuhi. Karani wa ofisi ya makaburi anabonyeza kitufe, anaweka mikono mapajani na kuikodolea macho kompyuta kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

Mistari inaanza kuteremka mbio. Anaruka kitini.

"Inaingia! Mzee Koleo, njoo uone, majina yanaingia!"

Mzee Koleo, mchimba makaburi, anaingiza kichwa dirishani, udongo ungali mikononi. Anasoma. Anasoma tena.

"Mwanangu, baba yako tulimzika mara ngapi?"

Karani anatazama. Kaburi la kwanza, baba yake. La pili, baba yake. Namba zinabadilika, jina halibadiliki, mpaka mwisho wa jedwali.

"Hata mke wangu umemfanya baba yako!" mzee anacheka. "Angekuwepo ungemkoma."

Karani anacheka naye, huku akichungulia mlangoni. Nje, kwenye benchi, amekaa mjane aliyesafiri jana kutwa. Mvua za mwaka jana zilizoa vibao vya mbao vya makaburi, na cha mumewe kilikwenda na maji. Basi lake la kurudi linaondoka adhuhuri.

"Nataka nijue nimesimama kwake," anasema mama huyo. "Si kwa mume wa mtu."

Kazi hii ilianza baada ya mvua hizo. Mzee Koleo alipita kaburi hadi kaburi akitaja nani amelala wapi, karani akichapa orodha kwenye simu nyuma yake. Makaburi zaidi ya elfu sita. Walianza na la baba wa karani, kwa sababu hapo ndipo miguu ya karani ilipompeleka.

Kuyahamisha majina yote kutoka kwenye orodha hiyo hadi jedwali la kumbukumbu kwa mkono kungemzeesha. Karani, aliyeishia kidato cha nne, akajifunza kupitia simu namna ya kuiagiza kompyuta ifanye mzunguko: chukua jina, chukua namba, ingiza, rudi uchukue linalofuata.

Anapitia maagizo yake kwa kidole. Ghafla anapiga meza.

"Nimekuona!"

Agizo la kuchukua jina ameliweka nje ya mzunguko. "Ni kama bakuli," anamweleza mzee. "Nilipakua mara moja, halafu nikawapitishia wageni wote bakuli lile lile."

Anafuta yote, anashusha agizo hilo ndani ya mzunguko, anabonyeza. Safari hii kila mstari una mtu wake.

"Huyo fundi viatu!" Mzee Koleo anapaza sauti. "Huyo mkorofi wa sokoni! Na mke wangu huyo, karudi!"

Karani anamwita mjane, anaandika jina la mumewe. Mstari mmoja unatokea, na namba yake.

"Mama, twende," mzee anasema, akijipangusa mikono. "Ni karibu na ukuta, penye kivuli."

"Alipenda kivuli," mama anajibu, na tayari ametangulia.

Karani anataka baadaye jedwali hilo lijibu ujumbe wa simu, ili aliye mbali aijue namba kabla hajapanda basi. "Mtu asije kuuliza dirishani kama anayeomba," anasema.

Akiwa peke yake, anaandika jina la baba yake na kungoja.

Unatokea mstari mmoja tu.

"Haya, baba," anasema. "Pumzika sasa."