Mpira wa Tatu wa Mama

Juzi nilishuka Kamina kwa gari la moshi, rafiki yangu, na kabla ya kusalimia ndugu, kabla hata ya kunywa maji, nilienda na mfuko wangu begani mpaka nyuma ya kanisa la misheni kutafuta kiwanja chetu cha zamani cha mpira. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kukaa. Watoto wangu husema nikiketi, kiti chenyewe kinashangaa. Nilikuta nyumba, kibanda cha kuchajia simu, na ua wa miti. Pale hasa alipokuwa akisimama mama yangu kutupa mpira, mwanamke mmoja kijana alikuwa ameanika mihogo juu ya plastiki. Aliniona nikipima ardhi kwa miguu, hatua kwa hatua, akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia sitafuti kitu. Kisha nikapima tena tangu mwanzo.

Ilikuwa zamani za Wabelgiji, nami nilikuwa na miaka kumi hivi. Mchezo wenyewe uliletwa na misionari wetu, mama Mwamerika mwenye miguu mirefu aliyefundisha wasichana kushona. Alitaka kanisa licheze pamoja, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, kila Jumamosi ya kiangazi, na akasisitiza kwamba tunacheza kwa furaha wala si kwa ushindi. Tulimwitikia ndiyo, mama, na moyoni kila mtu alitaka kushinda. Mtupaji aliurusha mpira kwa mkono wa chini, polepole, nao ulipaswa kupanda juu kupita kichwa cha mpigaji kabla ya kumshukia. Mpigaji alishika rungu lililochongwa na seremala wa misheni. Akiupiga, alikimbia kuzunguka magunia matatu ya mchanga na kurudi alikoanzia. Akiacha mipira mitatu mizuri impite, basi amekwisha, anatoka. Sisi watu wa mji wa reli magunia yale tuliyaita stesheni: Kaniama, Luena, Bukama, na kurudi nyumbani ndiyo Kamina. Mimi nililinda Bukama.

Watoto wa Wakatoliki walipita wakitoka katekisimu, mpira wao wa miguu kwapani, wakatucheka. Waliuita "mupira ya kungojea." Siwezi kuwalaumu. Unasimama juani, unangoja mpira upande, unangoja ushuke, unangoja mtu aupige, asipoupiga unangoja tena. Kwa mtoto mwenye miguu ya moto kama mimi ilikuwa adhabu. Nilikuwa nikichimba mchanga kwa kidole cha mguu mpaka gunia langu likaegemea upande. Majivu ya nyasi zilizochomwa huko porini yalituangukia kichwani, meusi na mepesi, na kila treni ilipopiga honi nilitaka kukimbia kuitazama. Sikukimbia kwa sababu moja tu. Mtupaji wetu alikuwa mama, nami nilipenda kumtazama kuliko treni.

Misionari alimgundua wakati kanisa linajengwa. Wanawake walikuwa wakiwarushia waashi matofali juu ya jukwaa, na matofali ya wengine yaligonga mbao au yalimpiga mtu kwenye vidole. La mama lilipanda, likasimama kidogo hewani, likamfikia mwashi kama limewekwa mkononi. Waashi waligombana nani asimame upande wake. Alikuwa na msemo wake, "Tofali haipendi hasira." Ndivyo alivyotupa na mpira. Baba alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na tangu hapo mama alifua mashuka ya hospitali ya misheni asubuhi hadi jioni, mikono ikinuka sabuni ya dawa, na nyumbani alisema maneno machache kama mtu anayeyahesabu. Kiwanjani alicheka. Alitania wapigaji, alipiga makofi, alikunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na wenzake na kumenya karanga za kuchemsha hadi jua lizame. Nilimpata mama yangu tena Jumamosi kwa Jumamosi, na siku nyingine sita nilikuwa namngojea.

Sasa sikiliza lililotuharibia. Dada yangu mkubwa alipendwa na karani wa stesheni, kijana mpole wa shati jeupe, ambaye alikuwa mpigaji hodari kuliko wote wa timu ya kambi ya reli. Mama alimpenda. Alimtania kiwanjani, "Karani, leo utapiga hewa!" naye akacheka na kuupiga mpira mpaka kwenye shamba la mihogo la jirani. Lakini kwetu Waluba kuna buko, heshima ya wakwe. Mahari ikishapokelewa, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemi, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Kanisa halikuweka sheria juu ya hilo. Mchungaji wetu, aliyesoma vitabu vingi, alikuwa akihubiri kwamba katika Kristo sisi sote ni ndugu, na mama mkwe wake alipotokea kwa mbali, mchungaji alikimbilia nyuma ya hospitali na Biblia yake. Kwa hiyo kila mtu alijua: siku mahari itakapoingia nyumbani kwetu, ndiyo siku mama atakapoondoka kiwanjani. Kumwepuka karani kiwanjani kusingewezekana. Akicheza kwao tungekutana naye, na akioa angehamia kanisa letu.

Basi mama akaanza kuahirisha. Mara mihogo ingali kwenye maji, wageni watakula nini? Mara mashuka ni mengi hospitalini. Mara tumngoje mjomba anayekaa Katoto alete samaki wakavu kutoka mtoni, na mjomba alipofika na samaki wake, ikawa tumngoje shangazi. Ndugu za karani kule Kaniama walituma ujumbe, wakatuma tena. Dada alikonda, akaponda mihogo kwa hasira hadi kinu kikapasuka. Mimi nilijua. Nilikuwa nimemsikia mama akimwambia jirani, akiwa anakamua shuka, "Mvua ikinyesha mupira inakwisha. Ile wakati bageni bakuye. Niachieni tu hii kiangazi." Nilifurahi sana. Kila usiku niliomba mvua ichelewe.

Ila mdomo wangu nao haukujua kukaa. Jioni moja dada alinikemea kwa sababu nilimwaga maji ya kuoga, nami kwa hasira nikamtupia neno hilo. Mama hataki waje kwa sababu ya mpira. Dada aliacha mwiko ndani ya sufuria, bukari, ugali wetu, ikaanza kuungua, akaenda kusimama mbele ya mama uani.

"Ni kweli, mama? Unapenda mupira kupita ndoa yangu?"

Mama alikuwa ameketi akitoa mawe kwenye maharagwe. Alisukuma maharagwe pembeni. "Ambia bakuye Jumamosi," akasema. Hakunitazama, na hadi leo sijui kama alijua ni mimi. Nilitamani anipige.

Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa ya mchezo wa mwisho wa kiangazi, sisi na kambi ya reli. Wageni walifika asubuhi na mbuzi, blanketi na majembe. Karani, kama desturi, hakuingia kwetu. Alingoja nyumbani kwa jirani. Mama naye alibaki ndani chumbani, sauti yake ikipitia mlangoni. Kufikia adhuhuri wazee walikuwa wameshashikana mikono, dada anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na mimi nikizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kengele ya kanisa ilipolia saa tisa, mama alitoka chumbani, akanawa mikono, akajifunga kitambaa cheupe kichwani.

"Weye, unaenda wapi?" jirani alimwuliza. "Mukwe wako njo anachezea bale ba reli!"

"Hatakuya," mama alisema. "Ule kijana iko na heshima. Minyi naenda kumaliza tu kazi yangu."

Na huko kambini, tulikuja kusikia baadaye, rafiki zake walimwuliza karani neno lile lile, naye akajibu lile lile. Mama ni mtu wa heshima, hawezi kuja leo, acheni nicheze mara ya mwisho. Kila mmoja alimwamini mwenzake kuwa na adabu ya kubaki nyumbani. Ndivyo walivyokutana.

Walipoonana, mama alishusha kitambaa mpaka kwenye nyusi na kumgeuzia bega. Karani alienda kusimama nyuma ya watu. Wangeweza kuondoka, ungesema wewe. Lakini kuondoka mbele ya kanisa zima, siku ya mahari, ingekuwa kama kusema wamegombana. Mchungaji alitazama viatu vyake. Misionari, maskini, hakuona chochote, akapiga filimbi. Karani aliwaomba wenzake wampange wa mwisho, labda mchezo utaisha kabla ya zamu yake. Haukuisha. Ulifika mahali tunawashinda kwa moja, mtu wao mmoja amesimama Bukama karibu nami tayari kukimbia, na amebaki mpigaji mmoja tu, naye ni karani.

Watu waliacha kumenya karanga. Hata Wakatoliki njiani waliacha kucheka, kwa maana wao pia ni Waluba. Karani alisimama rungu begani, kidevu kifuani, akitazama vumbi. Mama alitupa bila kumtazama. Mpira ulipanda, ukashuka, ukapita. Wa pili ukapita. "Piga!" misionari alipiga kelele kwa Kiswahili chake. "Piga, karani!" Sauti yake peke yake.

Halafu mama alikaa na mpira mkononi muda mrefu. Nilikuwa naruka mguu hadi mguu, natamani atupe, natamani asitupe. Akainua kitambaa kidogo, kiasi cha kuona, akaurusha. Rafiki yangu, sijaona tena kitu kama kile. Ulipanda bila haraka, ukaupita moshi wa pori, ukakutana na jua la saa kumi na moja likaufanya mwekundu, ukasimama pale juu kama tofali lile la mwashi. Kisha ukashuka mbele ya kifua chake, laini, ukiomba kupigwa. Mtoto mchanga angeupiga. Rungu halikusogea hata kidogo. Mpira ulianguka mavumbini, tukawa tumeshinda, na hakuna aliyepiga kofi. Mama alifuta mikono kwenye kanga yake, akaenda nyumbani. Munkoyo wake aliunywa mtu mwingine.

Dada aliolewa mvua ya kwanza. Kiangazi kilichofuata misionari alikuja kwetu mara tatu kumwita mama, naye akajibu kila mara kwamba mikono inamuuma. Wakamweka mtupaji mwingine, mwalimu wa kuimba, na mimi nikaacha kwenda. Nilimchukia karani kwa muda. Heshima si utumwa, watu walisema, wakimsifu, na ni kweli alistahili sifa. Lakini nilimtazama mama akirudi na mashuka yake, akihesabu maneno, nikafikiri kwamba sifa hiyo mtu mwingine alikuwa ameilipia.

Miaka ilipita, dada ana watoto wanne, nami mtoto wangu wa kwanza yuko mgongoni, ndipo karani alipoleta mbuzi na nguo, zawadi ile ya kuondoa haya ili mkwe aweze kula na mama mkwe wake. Mama alipika kuku na sombe, majani ya mihogo. Wakaketi, kwa mara ya kwanza, meza moja. Kila mtu alingoja neno lake la kwanza, labda baraka, labda habari za wajukuu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kama kawaida yangu. Mama alinawa, akakata tonge la bukari, akaliweka tena sahanini.

"Mupira ile ya tatu," akasema. "Juu ya nini haukuipiga? Ilikuwa muzuri."

Karani alishika ukingo wa meza. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. "Mama, sikuiona," akasema. "Nilifunga macho."

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Kumbe niliitupa bure," akasema. "Hapana muntu aliiona."

"Minyi niliiona, mama," nikasema.

Aligeuka akanitazama kana kwamba nimeingia sasa hivi. "Basi eleza," akasema. Nikaeleza, nimesimama pale, mtoto mgongoni: moshi, jua, jinsi ulivyosimama juu, jinsi ulivyoshuka. Karani alisikiliza ameinamisha kichwa. Mama alifuata kwa macho kitu kilichopita juu ya meza, juu ya sahani, mpaka kilipoanguka. Halafu alicheka kicheko cha kiwanjani, kile nilichokuwa nimekipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe, akamwambia mkwe wake, "Kula, bukari inapoa."

Sasa wote watatu hawapo, mama, dada na karani. Misionari alirudi kwao zamani. Buko nayo inakwenda zake. Mkwe wangu mimi anakuja kwangu Lubumbashi, anaketi mbele yangu, ananiambia nimwongezee chumvi, anasahau kunishukuru. Ni mtu mwema, nampenda, na sitaki akimbilie majanini. Ila hakuna aliyewahi kufumba macho mbele yangu.

Nilipomaliza kupima, nilikuta mguu wangu uko ukingoni mwa ile plastiki ya mihogo. Yule mwanamke aliniuliza tena natafuta nini. Safari hii nilitaka kumweleza, lakini alikuwa na mihogo ya kugeuza na mtoto wa kunyonyesha, na treni ilipiga honi, nami miguu ikaanza kuniwasha. Nimekueleza wewe. Ulikuwa mpira mzuri.