Hojaji Tisini na Sita za Mwalimu Amna

Mwalimu Amna Mbaruku amefundisha hisabati kwa miaka kumi na tisa katika shule moja ya sekondari ya kata, upande wa Mnero. Mwaka jana alikuwa akimalizia shahada ya uzamili kwa masafa, na utafiti wake ulihusu hofu ya hisabati. Aligawa hojaji kwa wanafunzi tisini na sita wa kidato cha pili, kila mmoja akaandika jina lake juu, naye akasimama mbele yao mpaka wakamaliza. Tisini na mmoja walijibu kwamba hawaogopi hisabati hata kidogo. Katika mtihani wa muhula, waliofaulu walikuwa kumi na wanane.

Msimamizi wake akampigia simu. "Mwalimu, takwimu zako zinagombana. Nipe maelezo kabla ya Desemba, la sivyo utangoja mwaka mwingine."

Angeweza kutunga maelezo. Wapo wanaotunga, na vyeti vyao vimetundikwa ukutani. Amna hakulelewa hivyo.

Jumamosi akaenda kwa Beatrisi, mama wa mwanafunzi wake Doreen. Ulikuwa msimu wa korosho, na kule mtu akikuta jirani ameinama shambani, huinama naye kwanza, maneno baadaye. Amna akaweka mkoba chini, akaanza kuokota, akinyonga korosho kutoka kwenye bibo na kuitupa kwenye ndoo.

Beatrisi ni Mngoni aliyeolewa huku kutoka Songea, na Amna ni Mmwera. Ni watani, na tangu wajuane hawajawahi kusalimiana kistaarabu.

"Leo Mmwera kaamua kufanya kazi," Beatrisi alisema. "Sijui tuanike wapi, maana mvua itanyesha."

"Nimekuja kulinda. Ninyi Wangoni mkiachwa wenyewe mtaiba mpaka mti."

"Tuliwaiba babu zenu, tukawarudisha. Walikuwa wanakula tu."

Amna alicheka, kisha akamweleza shida yake. Beatrisi akatupa korosho mbili ndooni.

"Karatasi zile uliwaandikisha majina?"

"Ndiyo."

"Ukasimama pale na kiboko chako?"

"Ni fimbo ya kuonyeshea ubaoni."

"Hiyo hiyo. Sikiliza, mtani. Siku yenye kipindi chako, Doreen hanywi uji. Hesabu haziogopi, ufuta wetu anaupigia hesabu kichwani. Anaogopa kusimamishwa juu ya dawati ili wenzake wamcheke. Sasa nani anawasimamisha? Mngoni?"

Angesema mtu mwingine, Amna angekasirika. Lakini mtani hakasirikiwi, hiyo ndiyo desturi. Aliinama pale pale muda mrefu kuliko korosho zilivyohitaji.

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Hukuuliza. Kila kikao ulituambia sisi wazazi ndio tunaowatia watoto uvivu."

Jumatatu Amna aligawa hojaji mpya zisizo na majina. Aliweka boksi mezani, akatoka, akaketi ofisini mpaka kengele. Safari hii sabini na wanne waliandika kwamba wanaogopa, na hamsini na wawili kati yao wakataja dawati. Alizisoma zote, moja moja, bila kujionea huruma, na ndivyo inavyompasa mtu mzima aliyekosea.

Katika sura ya nne aliandika: "Mwalimu aliyewasimamisha wanafunzi hawa juu ya dawati ni mtafiti mwenyewe."

Msimamizi akapiga tena. "Kazi sasa imesimama vizuri. Sentensi hiyo ukitaka iondoe, alama hazitapungua."

"Ibaki, daktari."

Kwenye ukurasa wa shukrani alimtaja Beatrisi kabla ya chuo, kabla hata ya mume wake. Mpaka leo husema kwamba Mungu alimtendea wema mkubwa kumpa mtu wa kumwambia ukweli angali kazini, badala ya kustaafu akisifiwa.

Siku aliyopokea barua ya kufaulu, aliingia bila fimbo kwa wanafunzi wale wale, ambao sasa walikuwa kidato cha tatu. Aliwasomea sentensi ile ya sura ya nne, akawaomba radhi, akasema hakuna atakayepanda dawati tena. Akageuka kuandika swali ubaoni.

"Samahani, mwalimu," Doreen alisema nyuma yake. "Lile la jana sikulielewa. Tunaweza kurudia?"

Amna alifuta ubao, na ilimchukua kitambo kidogo kabla hajageuka.