Kumi ya Mwalimu Geng

Qiu Wanrong tulianza naye kazi siku moja, mimi gereji, yeye huduma kwa wateja, wakati kampuni yetu ya magari ya umeme hapa Hefei ilikuwa bado changa na wateja tunawajua kwa sura. Mteja akija kuchukua gari alipewa maua, akapigwa picha, na palepale Wanrong akamfungulia kundi kwenye simu: mteja, muuzaji, fundi na yeye mwenyewe. Ukiuliza kitu, unajibiwa na mtu. Kwa kujivunia hilo Wanrong alimshawishi hata Mwalimu Geng, aliyemfundisha kusoma, anunue gari letu. Mke wa Mwalimu figo zake hazifanyi kazi, na hospitali anakosafishwa damu iko mbali.

Kisha tukakua. Wakubwa wakawa wanashangilia magari yanayotoka. Yanayorudi mabovu hawana habari nayo. Makundi ya Wanrong yakawa mamia, yamepangwa kwa namba za magari, majina hakuna. Akaacha kusoma, akawa anabandika majibu aliyoyahifadhi. Na mwisho wa kila maongezi sharti aombe alama, kumi kwa kumi. Ukipewa tisa, unasomwa jina mbele ya wenzako kwenye mkutano wa asubuhi. Upuuzi mtupu, lakini tuliuzoea.

Gari la Mwalimu likafa betri. Likalala uani kwetu likisubiri spea, na mzee akawa anampeleka mkewe kwa basi, mama wa watu anatapika njia nzima. Aliuliza kwenye kundi, kwa upole wake. Akajibiwa, "Mpendwa, tumepokea, tunafuatilia." Akauliza tena, akajibiwa vilevile, na chini yake ombi la alama.

Akatoa kumi. Akaongeza na maneno: "Binti huyu ana adabu na anajibu haraka."

Sasa, kwetu mteja akitoa kumi, lalamiko lake linajifunga lenyewe, na gari lake linatoka kwenye foleni ya spea. Spea ilipofika, akapewa mwingine.

Asubuhi meneja akasoma sifa zile kwa sauti ili tujifunze, akamaliza na jina la mwandishi. Tulipiga makofi. Wanrong alisimama uso umemwiva, ndiyo kwanza anajua nani alikuwa upande wa pili. Akamfuata meneja.

"Bosi, gari lile lirudi kwenye foleni. Mwenyewe bado anasubiri."

"Si kakupa kumi? Huyo karidhika. Labda aifute, tuanze naye upya."

"Akiifuta?"

"Utasomwa wewe kesho. Ulidhani nani?"

Jioni akaenda kwa Mwalimu na mfuko wa machungwa. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe kesho yake, tumesimama kwenye birika la maji ya moto.

"Wanrong! Ingia, mwanangu," Mwalimu akampokea. "Mbona umekonda, hawakulishi huko?"

Mkewe akaita kutoka kitandani, "Gari limepona?"

Wanrong akaeleza yote, macho chini.

"Nilijua ni wewe unayejibu," akasema Mwalimu. "Nikaona mtoto asije akaaibishwa kwa ajili yangu."

"Mwalimu, sikuwa nasoma hata. Nilikuwa nabandika tu. Naomba uifute."

"Nikiifuta watakufanya nini?"

"Watanisoma jina. Nimeshasomwa mwezi huu. Nikisomwa tena nafukuzwa."

"Basi iache."

"Na mama?"

"Mabasi yapo."

Simu ya Mwalimu ilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Wanrong angeweza kung'ang'ania ile kumi ifutwe palepale. Alifikiria kodi ya nyumba, akafikiria wazazi wake kijijini wanaomsifia kwa majirani. Mkewe Mwalimu alikuwa ameshaanza kuuliza koti lake la kuvaa kwenye basi kesho liko wapi.

"Unajua nilifanya nini?" Wanrong aliniuliza, analia bila kujificha. "Nilimshukuru. Nikainama, nikamshukuru, nikaenda zangu."