Tonge la Kwanza la Staf

Godelieve Verrees alimrithi Staf kutoka kwa mama yake, pamoja na nyumba, kabati la vyombo na kuku. Pale Geel, mji wa Ubelgiji, hilo halimshangazi mtu. Nyumba nyingi zina mgeni wao, mgonjwa wa akili aliyeletwa na hospitali aishi na familia, na majirani huulizana habari za wageni hao kama wanavyoulizana habari za magoti.

Staf aliamini chakula kimetiwa sumu, na hakuna daktari aliyeweza kumtoa kwenye hilo. Godelieve hakubishana naye. Kila mlo alichota tonge la kwanza kwenye sahani ya Staf, akatafuna, akameza, wakangoja, kisha akamuuliza:

"Bado ninapumua?"

"Bado unapumua."

"Basi kula, viazi vinapoa."

Marehemu mumewe alikuwa akisema huyu mama atakufa kwa unene, sumu itamkuta keshazikwa.

Godelieve alipokuwa na miaka sabini na minane, kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ulilegea, na kumeza kukawa kazi. Muda wote alipokuwa amelazwa hospitalini, Staf alikula mayai tu, aliyoyachemsha mwenyewe. Ganda halifunguliwi kwa siri, alisema.

Siku chache baada ya Godelieve kurudi nyumbani, akaja Hilde, muuguzi wa kuwatembelea wageni. Aliketi mezani, mbele ya Godelieve na Staf, bila kuvua koti.

"Mama Godelieve, sasa wewe ndiye wa kutunzwa. Staf tutamtafutia nafasi wodini."

"Na huko nani atamwonjea?"

Hilde alikuwa mtu mwema, na kwa sababu hiyo hiyo Godelieve alimchukia mchana ule.

Jirani alikuwa ameleta viazi vya kupondwa na karoti. Ili kumwonyesha Hilde kwamba bado anajiweza, Godelieve alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, akala kidogo. Chakula kikampalia. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akaisukuma sahani mbali. Aliogopa, na aliona Hilde ameiona hofu ile.

Staf aliivuta sahani kwake. Hakuna mtu aliyemwonjea. Alichota, akafumba macho, akatafuna huku jasho likimtiririka, akameza. Wakangoja.

"Bado ninapumua?" akauliza.

"Bado unapumua," akasema Godelieve.

"Basi kula, Mama. Polepole."

Akamshikia kijiko. Godelieve akafungua kinywa.

Hilde akavua koti.