Msiba wa Nungunungu

Mtaani walimwita Profesa, ingawa shule aliiacha mapema na kazi yake ilikuwa kuonyesha filamu katika ukumbi aliourithi kwa baba yake. Jina hilo alilipata kwa mdomo. Kabla ya kila filamu alisimama mbele ya pazia jeupe akawaeleza watazamaji watakachokiona, na kwa nini hawatakielewa. Alipenda filamu nzito: mzee anatazama dirisha, mvua inanyesha, mzee anaendelea kutazama dirisha. Watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakarudi makwao kulala mapema.

Jumamosi mchana mambo yalikuwa mengine. Ukumbi ulifurika hadi kwenye ngazi, maana Jumamosi ilikuwa siku ya Nungunungu.

Hiyo ilikuwa filamu kuukuu ya vikaragosi, nyimbo mwanzo mwisho, juu ya nungunungu anayezunguka msituni akitafuta wa kumkumbatia. Uzi wa kulichezesha sikio lake ulionekana waziwazi. Rafiki yake Kobe alifumbua mdomo wakati wimbo umeshakwisha. Watoto walioililia filamu hiyo enzi za baba yake Profesa sasa walikuwa na vipara na wajukuu, na bado walilia palepale.

"Wanalilia sifongo," Profesa alimlalamikia mkewe, msusi. "Sifongo na vijiti vya meno."

"Na wewe unalilia dirisha," mkewe akamjibu, hata kichwa hakuinua kwenye nywele za mteja.

Basi akapiga moyo konde. Akaufunga mkanda wa filamu ndani ya shuka, akausukuma uvunguni mwa kitanda, kisha akabandika tangazo mlangoni mwa ukumbi: Nungunungu ameharibika, hatengenezeki. Jumamosi ataonyeshwa mzee.

Alijiandaa kwa manung'uniko. Rambirambi hakuzitarajia. Wa kwanza kubisha hodi nyumbani alikuwa mwuza nyama, kofia mkononi.

"Pole sana, Profesa. Tumesikia. Ilikuwa ghafla, au uliona dalili?"

"Ghafla," Profesa akasema. Na kwa kuwa uongo hauketi peke yake, akaongeza, "Mkanda ulishika moto."

Mwuza nyama akafumba macho. Nyuma yake akaja kinyozi, kisha mwalimu mkuu mstaafu, ambaye alianza sentensi tatu na zote zikamshinda. Kufika mchana majirani walikuwa wameleta viti vyao, na akina mama wameliteka jiko wanachemsha chai. Profesa akakaa katikati ya sebule, akipokea pole kwa kifo cha kitu kilichokuwa kimelala salama salimini chumba cha pili.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akifagia huko chumbani, akatoka na ufagio. Akamwinamia sikioni.

"Mkwe wangu, njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia uvunguni."

"Mama, nakuomba."

"Mimi nimesema nini? Nimefagia, nikaruka pale."

Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni. Profesa akaingiwa na furaha ya mtu aliyengoja miaka kueleweka. Akahutubia kwa kirefu juu ya mzee, juu ya mvua, juu ya upweke wa kioo. Alipopanda chumba cha mashine, kabla hajazima taa, mwuza nyama alisimama mbele, brashi za kusugulia sakafu zimefungwa mgongoni mwake.

"Tusamehe, Profesa. Tunaomba muda mfupi wa kumuaga marehemu."

Wakaicheza filamu nzima. Mwuza nyama alikuwa Nungunungu. Kinyozi, beseni mgongoni, alikuwa Kobe. Miti ilikuwa watazamaji wenyewe, na nyimbo waliziimba wote, bila kukosea, hadi walipofika mtoni, Kobe anapotakiwa kumwambia Nungunungu kwa nini haiogopi miiba yake. Kinyozi akafungua mdomo, akaufunga. Ukumbi mzima ukatazamana. Hakuna aliyeyajua maneno yale, kwa sababu hapo ndipo kila mtu hulia, na anayelia hasikii.

Ndipo sauti ikatoka juu, kwenye kidirisha cha chumba cha mashine, nyembamba kama ya mtu anayeoga:

*Mimi nina gamba gumu, wewe miiba mgongoni,*
*Njoo taratibu, ndugu, tutajuana njiani.*

Katika mstari wa pili ilikwaruza. Baadaye Profesa alisema ni vumbi, na kweli vumbi lilikuwepo.

Mzee hakuonyeshwa siku ile. Wiki iliyofuata Profesa alitangaza, macho makavu, kwamba amepatikana fundi hodari mji wa mbali, na Nungunungu amefufuka. Watu walimshukuru fundi huyo sana. Mwalimu mkuu alitaka kumwandikia. Mama mkwe alikohoa tu.

Lakini mkanda uliporudi mashineni, yakazuka malalamiko. Nungunungu wa kwenye pazia, walisema, hana uchungu kama wa mwuza nyama. Wakawa wanaimba kwa nguvu hata sauti ya filamu haisikiki, ila pale mtoni. Hapo wote hunyamaza, hugeuza shingo kuelekea kidirishani, na kungoja.

Profesa alijaribu mara moja kujifanya hamnazo. Kobe akafumbua mdomo, akaufumba, na watu wakaendelea kungoja huku wamempa kisogo.

"Profesa," mwuza nyama akaita kwa upole, "tuko mtoni."

Akaimba.

Walipokuwa wanatoka, mwuza nyama alimsubiri chini ya ngazi. "Umeimba vizuri," akamwambia. "Ila jitahidi usiwahi. Kobe huchelewa."