Majivu ya Mpunga Chini ya Nyumba ya Mwayuma

Mwayuma anachoma matofali Kasongo, na tanuri lake linakula pumba za mpunga kutoka mashine za kukoboa. Majivu alikuwa akiyamwaga kando ya njia, mpaka msimu mmoja wa mvua alipoona ajabu: kwingine pikipiki zilizama kwenye tope, lakini juu ya majivu zilipita pakavu.

Kiwanja chake mwenyewe kilikuwa cha mfinyanzi mweusi, udongo unaovimba kwa mvua na kunywea kwa jua. Nyumba mbili zilishapasuka pale, na mama yake, Mama Zamda, aliapa hatalala tena katika nyumba inayotembea. Safari hii Mwayuma aliuchimbua udongo, akauchanganya na majivu na chokaa kidogo, akaulowesha, akaushindilia tabaka juu ya tabaka kabla ya kuweka jiwe la msingi.

“Mwayuma, unapikia nyumba chakula?” jirani yake Moustapha akamtania. “Na chumvi iko wapi?”

“Chumvi utaleta wewe, baba.”

Nyumba ilipokwisha, mvua ikanyesha juma zima. Uani kwa Moustapha hata kuku walizama. Mama Zamda akaingia nyumba mpya, akapapasa kuta zote, asipate ufa. Akachukua mchi, akaipiga sakafu. Ikaitika kama mwamba.

“Subhanallah! Ni majivu haya tunayotupa, mutoto wangu?”

“Ni hayohayo, mama.”

Mama Zamda akavua kandambili, akasimama peku juu ya sakafu ile. Kisha akaita kupitia dirishani:

“Moustapha! Njoo unibebee kitanda changu.”